Kuni za baridi: ngapi ziingie ndani, ngapi zibaki nje

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Uvira ambaye sasa anaishi nje kidogo ya mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani, ameniandikia hivi:

“Mzee, shikamoo. Tumepanga nyumba ya zamani yenye jiko kubwa la chuma sebuleni na besmenti chini. Mazutu, yaani mafuta ya kupashia nyumba, ni ghali, kwa hiyo nimenunua kodi nne za kuni, na muuzaji amesema zimekauka. Theluji inakaribia. Nataka niziingize zote besmenti, pembeni ya boila inayopasha nyumba joto, zimalizie kukauka na joto, nami nisihangaike kutoka nje usiku. Mke wangu amekataa. Anasema zitaleta wadudu, na mama yangu ana pumu. Shemeji yangu wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, naye anazo kuni za bure, anasema nije na gari nizichukue. Nani ana haki hapa? Nikipuliza dawa ya wadudu si itatosha?”

Marahaba, ndugu yangu. Mkeo ana haki, na sababu alizo nazo ni nyingi kuliko hizo mbili alizokutajia. Lakini hata wewe wazo lako halikutoka hewani, maana sote tuliolelewa jikoni kwa mama tunalo. Kwetu Njombe kuni zilikuwa zinapangwa juu ya uchaga, moto ukiwa chini yake, na kila siku moshi unazipitia. Baada ya wiki chache zinakuwa kavu kiasi cha kulia ukizigonga, na dumuzi hathubutu kuzisogelea. Kwa hiyo mtu akihamia nchi ya baridi, akaona nyumba ina chumba chini chenye joto, mkono wenyewe unataka kupanga kuni mle.

Sasa kumbuka lile jiko lilivyokuwa. Lilisimama peke yake uani, ukuta wake una nyufa na paa linavuja moshi pande zote. Unyevu wote uliotoka kwenye kuni ulipanda na kuondoka. Nyumba ya Maine imejengwa kwa nia ya kinyume kabisa: hewa ya ndani isitoke. Maji yanayotoka kwenye kuni yako hayana pa kwenda ila kwenye vioo vya madirisha, kuta za saruji, nguo, na viatu vilivyo chini ya ngazi.

Na maji yenyewe si kidogo. Neno “kodi” analotumia muuzaji wako halihusu serikali wala mwenye nyumba. Ni kipimo cha rundo lililopangwa vizuri lenye urefu wa futi 8, kimo cha futi 4 na upana wa futi 4, yaani futi za ujazo 128, karibu mita za ujazo 3.6. Tuseme kuni zako ni za mwaloni na zina unyevu wa asilimia 35, jambo la kawaida sana kwa kuni zinazouzwa kwa jina la “kavu” mwezi wa Oktoba. Ili kodi nne zishuke hadi asilimia 15, lazima zitoe maji yanayozidi lita 1,000. Hayo ni mapipa matano ya lita 200, unayamwaga hewani polepole chini ya kitanda cha mama mwenye pumu.

Nayasema haya kwa kuwa niliyafanya. Nilisomea misitu Olmotonyi, nikafanya kazi kwenye mashamba ya paina ya Mufindi kabla ya kuja huku, na bado baridi yangu ya kwanza nilijaza besmenti kuni mbichi nikijiona mjanja. Kufikia Januari madirisha yalikuwa yanalia asubuhi, magome yameota ukungu wa kijani na mweupe, na koti langu la suti lililoning'inia chini lilinuka kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa. Ukungu ule hauui mtu mwenye mapafu mazima, lakini kila gogo unalolinyanyua linarusha vumbi la mbegu zake hewani, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kulijua. Kwa mama yako, hili peke yake linatosha kufunga mjadala.

Kwa hiyo nianze na swali ambalo hukuuliza: je, kuni zako ni kavu kweli? Neno la muuzaji lisikutoshe. Nenda dukani kwenye vifaa vya ujenzi ununue kipima unyevu, kile kidude chenye sindano mbili. Cha bei ya chini kinatosha. Usikichome kwenye ncha ya gogo wala kwenye gome, kwa sababu ncha hukauka mapema na kukudanganya. Chukua gogo, lipasue upya katikati, kisha choma sindano kwenye uso mpya, usawa wa katikati ya urefu wake, ukifuata mkondo wa nyuzi. Gogo liwe limelala ndani usiku mmoja kwanza, kwani lililoganda barafu litakupa namba ya uongo. Pima magogo sita au saba kutoka sehemu mbalimbali za rundo. Chini ya asilimia 20, choma kwa raha. Zikiwa kati ya 20 na 25 zitawaka kwa kununa. Zaidi ya hapo, hizo ni kuni za mwaka kesho.

Kama huna kipimo, tumia masikio. Gonga magogo mawili: makavu yanalia kama fimbo ya rungu, mabichi yanatoa sauti nzito ya kitabu kilichoanguka. Angalia pia kama ncha zina nyufa na kama gome linabanduka. Ila mwaloni huu mwekundu wa kaskazini-mashariki humdanganya hata mzoefu. Unaweza kuonekana mkavu nje na ndani bado unatoka maji. Huo unahitaji viangazi viwili baada ya kupasuliwa. Eshi, mti ambao kwa Kiingereza huitwa ash, ndio rafiki wa mwenye haraka, maana hata ukikatwa leo una maji machache kuliko miti mingi. Betula, ule wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, lazima upasuliwe mapema. Gome lake halipitishi maji, na gogo lisilopasuliwa linaozea ndani ya ngozi yake. Paina wengi huku wanaikwepa wakidai inajaza bomba masizi. Paina ikikauka haina neno. Kinachojaza bomba masizi ni unyevu, wa mti wowote.

Na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kuni mbichi hutumia nguvu zake kuchemsha maji yake yenyewe. Moto unakuwa wa uvivu, moshi unapanda ukiwa na ubaridi, na ukigusa kuta za dohani unaganda na kuwa lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo inawaka. Siku moto mkubwa ukiifikia, dohani lote linaunguruma kama lori linalopanda mlima, na nyumba za zamani kama yako mara nyingi zina nyufa kwenye matofali ambazo moto unazitafuta. Mimi kazi yangu sasa ni kusafisha madohani, na nimejifunza kutambua mwenye kuni mbichi kabla sijapanda darini, kwa kuangalia kioo cha mlango wa jiko lake tu. Kikiwa cheusi tii, najua nitakachokikuta juu. Lifanye dohani lako likaguliwe kila mwaka, na kama hujui lilisafishwa lini mara ya mwisho, usiwashe kwanza. Muulize mwenye nyumba. Muulize pia kama anaruhusu jiko hilo litumike na kama bima yake inalijua.

Turudi besmenti. Umesema pembeni ya boila. Hapana. Boila inahitaji hewa ya kuchomea mafuta, fundi anahitaji nafasi ya kuifikia, na hakuna sababu ya kuweka tani sita za kitu kinachowaka karibu na kinachowasha. Kanuni ya usalama inayofuatwa Marekani kwa majiko ya kuni ni inchi 36, yaani sentimita 91, kati ya jiko na chochote kinachoweza kushika moto, isipokuwa jiko lenyewe liwe na kibali cha kupunguza au ukuta uwe na kinga. Rundo la kuni nalipa umbali huohuo bila kujadiliana, kwa jiko na kwa boila. Ninaingia nyumba za watu nikakuta magogo yameegeshwa ubavuni mwa jiko “yapate joto”, mengine gome limeshaanza kuwa la kahawia. Mti uliopashwa siku baada ya siku hivyo unaweza kuwaka bila mtu kuugusa.

Basi niweke kiasi gani ndani, utauliza. Mimi nasema kuni za wiki moja, na zile zilizokwisha kukauka tu. Kodi nne zikigawanywa kwa miezi sita ya baridi ni kama nusu mita ya ujazo kwa wiki, na kidogo juu yake. Hiyo ni rundo la urefu wa mita moja na robo, kimo cha mita moja, upana wa gogo moja. Inaonekana ndogo, lakini kwa mwaloni mkavu ni karibu kilo 250.

Kilo hizo ziangalie vizuri kabla hujachagua pa kuziweka, maana ni jambo ambalo karibu hakuna anayelifikiria. Sakafu ya mbao ya sebule katika nyumba za Marekani kwa kawaida husanifiwa ibebe mzigo wa ratili 40 kwa kila futi ya mraba, karibu kilo 195 kwa mita ya mraba. Kuni kavu za mwaloni zilizopangwa hadi kimo cha mita moja na nusu zinalalia kila mita ya mraba kwa kilo 600 na zaidi. Mara tatu. Na huo ni usanifu wa nyumba mpya. Boriti za nyumba yako huenda zilikatwa kabla babu yako hajazaliwa. Kwa hiyo sebuleni weka kuni za siku moja au mbili ndani ya kikapu cha chuma au kichanja kidogo, rundo liwe fupi, likae kando ya ukuta unaobeba nyumba badala ya katikati ya chumba. Rundo la wiki likae kwenye saruji: gereji, baraza lililofunikwa, au chumba kile kidogo cha kuingilia ambako watu wa huku huvulia mabuti ya theluji. Hapo mahali ni pazuri kuliko pote. Kuna ubaridi, mvua haifiki, na unatoka kwa kandambili.

Besmenti unaweza kuitumia kwa rundo hilo la wiki ikiwa ni kavu, lakini weka paleti chini, acha nafasi ya kiganja kati ya kuni na ukuta, na rundo liwe upande ulio mbali na boila. Kama saruji inatoa jasho au kuna harufu ya udongo mbichi, usiitumie kabisa.

Kuni zilizobaki, karibu kodi nne kasoro kidogo, zinalala nje, na huko hazidhuriki kama ukizipanga vizuri. Ziweke kwenye paleti zisiguse ardhi, mstari mmoja au miwili, mahali panapopata jua na upepo, mbali na ukuta wa nyumba kwa mita sita au zaidi. Najua mita sita kwenye theluji ni safari. Lakini rundo lililoegemea ukuta wa mbao ni daraja la mchwa, sisimizi wakubwa wanaotoboa mbao, na panya. Funika juu tu, kwa bati au turubai lililofungwa imara, na ubavu uache wazi. Wageni wengi hufunga rundo zima kama maiti kwenye sanda, kisha mwezi wa tatu wanalifungua na kukuta uyoga. Theluji inayopeperuka na kushika ubavuni haina madhara, unaikung'uta. Kila Jumamosi mchana, wakati jua liko, hamisha mzigo wa wiki kwa kijitoroli. Watoto wako wakubwa wanaweza kuifanya kazi hiyo kuliko kukaa na simu.

Sasa wadudu wa mama watoto. Ndiyo, wamo. Mbawakawa wengi huingia chini ya gome kama viluwiluwi na kulala humo baridi nzima wakisubiri joto la masika. Ukileta gogo kwenye nyuzi joto 21, wanadhani ni Mei. Baada ya wiki mbili tatu wanatoka, wanaruka, wanagonga taa na kumtisha kila mtu. Wengi wao hawawezi kufanya lolote nyumbani kwako. Wanahitaji mti mbichi wenye gome, na fanicha yako si hiyo. Wafyonze na mashine ya vumbi ukawatupe nje. Anayestahili kuogopwa ni yule mdogo anayetoa unga laini kama poda kutoka kwenye matundu madogo ya mbao ngumu kavu. Huyo anaweza kuhamia sakafuni, na hupenda kuni zilizokaa ndani miaka. Ukiuona unga huo kwenye gogo, litoe siku hiyohiyo.

Uone basi jinsi hesabu ya wiki moja inavyomaliza tatizo: gogo linaingia jikoni kabla mdudu hajamaliza kuamka.

Dawa usipulize. Haipenyi hadi chini ya gome alipo mdudu, na kile ulichopuliza utakichoma sebuleni na kukivuta. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu sitalirudia neno hili mara ya pili.

Na shemeji wa Worcester. Mshukuru, umwambie kuni hizo azichome mwenyewe. Maine imepiga marufuku kuingiza kuni kutoka majimbo mengine isipokuwa zilizopitishwa kwenye tanuri la joto na kuwa na uthibitisho. Ukiona ni ukali wa bure, kumbuka kwamba Worcester ndiko alikogunduliwa mwaka 2008 mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu, na maelfu ya miti ya mepo (maple) na mingineyo ikakatwa mjini humo ili kumzuia. Mwenzake, yule wa kijani anayeua miti ya eshi, aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Mdudu huyo kwa mabawa yake haendi mbali. Aliyemsambaza kwenye majimbo mengi ni mtu mwenye gari na kuni za bure kwenye buti, na mwaka 2018 alikuwa ameshafika Maine. Nunua kuni zilizokatwa karibu na unapoishi. Maili 10 ni bora, 50 ni mwisho.

Ikiwa kipimo kitakuonyesha kwamba kuni zako ni mbichi, baridi hii bado unaweza kuipita. Chambua eshi, betula na paina, zipasue vipande vyembamba kama mkono wa mtoto, zitangulie kuingia barazani. Mwaloni mnene uache nje hadi mwakani. Pengo lijaze na vitofali vya unga wa mbao vilivyoshindiliwa, ambavyo huuzwa vikiwa vikavu sana, au na kuni za tanuri. Usichanganye nusu kwa nusu na mbichi ukidhani kavu itaibeba. Lami haihesabu wastani. Na usiku wa baridi kali acha boila ifanye kazi yake, mazutu ya usiku mmoja ni nafuu kuliko dohani jipya.

Kuna mambo mawili nayaongeza kwa kuwa nimeyaona kwenye nyumba zetu, si za Wamarekani. La kwanza ni jiko la mkaa. Kuni zikiwa mbichi na nyumba ikawa baridi, mtu anakumbuka jiko lake la bati, analiwasha nje, moshi ukiisha analiingiza chumbani. Mkaa hata usipotoa moshi bado unatoa sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Nyumbani Tanzania na Kenya watu hufa hivyo kila msimu wa baridi hata kwenye nyumba zenye nyufa. Kwenye nyumba iliyozibwa kama yako haichukui usiku. Jiko la mkaa halivuki mlango. Weka kengele ya moshi na kengele ya kaboni monoksidi kila ghorofa, besmenti ikiwemo, na ziwe karibu na milango ya vyumba vya kulala.

La pili ni majivu. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku nne. Watu huyatia kwenye ndoo ya plastiki au boksi, wakayaweka barazani pembeni ya zile kuni kavu walizozipanga vizuri. Tumia ndoo ya bati yenye mfuniko, iweke nje juu ya udongo au saruji, mbali na rundo na nyumba.

Ikifika katikati ya Aprili, toa nje kila gogo lililobaki ndani, fagia magome na vumbi lote besmenti na barazani, na mwezi huohuo agiza kuni za baridi inayofuata. Zikiletwa Aprili zikapangwa juani, hata kama muuzaji alidanganya, eshi na betula zitakuwa tayari Oktoba. Mwaloni mwambie asikuletee, labda kama una nafasi ya kuulaza miaka miwili.